Joseph Lister, Mlinzi wa Vidonda

Je, umewahi kung'olewa jino? Fikiri juu ya mwanafunzi wa darasa la tano anayeishi Berega, katika vilima vya Ukaguru, wilayani Kilosa. Jino lake la nyuma limeoza. Shavu limevimba, na usiku hapati usingizi. Kunapokucha, mama yake anampeleka hospitali. Daktari wa meno anampiga sindano ya ganzi, analikamata jino kwa koleo, na baada ya muda mfupi jino liko nje. Mahali pake pamebaki shimo jekundu linalotoka damu.

Daktari anaweka kitambaa safi juu ya shimo hilo na kumwagiza mtoto akiume kwa nusu saa hivi. Kisha anatoa maagizo mawili. Agizo la kwanza ni kwamba siku hiyo mtoto asisukutue kinywa hata kidogo, wala kwa maji wala kwa dawa. Agizo la pili ni kwamba kuanzia kesho yake asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, hasa baada ya kula.

Mtoto anashangaa. Amekwisha kufundishwa shuleni kwamba kinywa kina vijidudu vingi. Kama ni hivyo, kwa nini asisukutue leo hii kwa dawa kali, ili vijidudu vyote vife na kidonda kipone upesi?

Hilo ni swali zuri. Jibu lake lilianza kupatikana zaidi ya miaka 150 iliyopita, kwa kazi ya daktari mmoja wa upasuaji aliyeitwa Joseph Lister. Katika somo hili tutasoma maisha yake. Tutaona jinsi alivyojifunza kuua vijidudu vya vidonda, na jinsi alivyogundua kwamba hata dawa njema huweza kudhuru isipopimwa.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Joseph Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1827, katika kijiji cha Upton, karibu na jiji la London, Uingereza. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Quaker. Watu wa madhehebu hayo walipenda maisha ya kiasi, wakavaa nguo zisizo na mapambo, na wakaheshimu sana elimu na kazi.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara ya mvinyo, lakini baada ya kazi za mchana alijishughulisha na sayansi. Alipendelea zaidi hadubini, yaani chombo cha kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Hadubini za wakati ule zilikuwa na kasoro: kitu kilichotazamwa kilionekana kama kina ukungu, tena kimezungukwa na rangi zisizo zake. Mwaka 1830 mzee Lister alieleza njia mpya ya kupanga lenzi ambayo iliondoa kasoro hiyo. Kwa sababu hiyo wataalamu waliweza kuona vitu vidogo kwa usahihi zaidi.

Kwa hiyo Joseph alikua katika nyumba yenye hadubini. Alichunguza wadudu na samaki, akapasua miili ya wanyama wadogo waliokufa, akapanga mifupa yao na kuichora kwa uangalifu. Alipokuwa bado mvulana aliwaambia wazazi wake kwamba anataka kuwa daktari wa upasuaji. Kazi hiyo haikuwa na heshima kubwa siku hizo, lakini hakubadili nia.

Lister alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akahitimu udaktari mwaka 1852. Alipokuwa mwanafunzi, jambo kubwa lilitokea duniani. Mwaka 1846, katika mji wa Boston, Marekani, daktari wa meno aliyeitwa William Morton alionyesha kwamba mgonjwa akivuta mvuke wa etha hulala usingizi mzito wala hasikii maumivu ya kisu. Huo ulikuwa mwanzo wa kusambaa kwa dawa za kuondoa maumivu wakati wa upasuaji. Wagonjwa hawakupiga mayowe tena mezani, na madaktari waliweza kufanya kazi pole pole. Hata hivyo tatizo moja kubwa lilibaki. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini baada ya siku chache kidonda kilioza na mgonjwa akafa.

Mwaka 1853 Lister alikwenda Edinburgh, Scotland, kufanya kazi chini ya daktari mashuhuri aliyeitwa James Syme. Mwaka 1856 alimwoa Agnes, binti wa daktari huyo. Agnes alikuwa msaidizi wake mkubwa. Walifanya majaribio pamoja nyumbani, na kwa miaka mingi mama huyo aliandika kwa mkono wake kumbukumbu za majaribio ya mumewe. Hawakujaliwa kupata watoto.

HOSPITALI ZA WAKATI ULE

Mwaka 1860 Lister alihamia mji wa Glasgow kuwa profesa wa upasuaji. Ilikuwa katika miaka hiyohiyo ya 1860 ambapo Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wa Dar es Salaam. Glasgow ulikuwa mji wa viwanda. Watu wengi waliumia kwa mitambo na magari ya farasi, nao walipelekwa katika hospitali kubwa ya mji ambamo Lister alisimamia baadhi ya wodi.

Ukiingia katika hospitali za siku hizo, kwanza ungesikia harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya vidonda vilivyooza. Madaktari walivaa makoti ya zamani yaliyoganda damu na usaha. Hawakunawa mikono walipotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kisu kilipanguswa tu kwa kitambaa kabla ya kutumiwa tena. Kitambaa kilichosafisha kidonda cha huyu kilisafisha na cha yule.

Watu hao hawakuwa wakatili. Hawakujua tu. Wengi waliamini kwamba kidonda huozeshwa na hewa mbaya inayoingia kutoka nje, na kwa kuwa hewa iko kila mahali, walidhani hakuna la kufanya. Wengine hata waliuona usaha kuwa dalili njema ya kupona.

Lister aliona uchungu sana. Katika miaka ya 1864 na 1866 aliwakata viungo wagonjwa 35 kwa njia za zamani. Kati yao, 16 walikufa. Hiyo ni karibu nusu. Aliona pia jambo moja lililomfikirisha. Mtu aliyevunjika mfupa bila ngozi kupasuka alipona karibu kila mara. Lakini mfupa ukitoboa ngozi, kidonda kilioza na mara nyingi mgonjwa alikatwa mguu au kufa. Mifupa ilikuwa imevunjika namna moja. Tofauti ilikuwa ngozi tu. Basi ni kitu gani kilichopita pale ngozi ilipopasuka?

HABARI KUTOKA UFARANSA

Profesa wa kemia aliyefanya kazi pamoja na Lister alimweleza habari za mtaalamu wa Kifaransa aliyeitwa Louis Pasteur. Pasteur alikuwa amechemsha mchuzi katika chupa yenye shingo ndefu iliyopindwa kama shingo ya bata. Hewa iliweza kuingia kwa uhuru, lakini vumbi lilinaswa katika kipindo cha shingo. Mchuzi ule ulikaa siku nyingi bila kuoza. Pasteur alipovunja shingo ya chupa, vumbi liliingia na mchuzi ukaoza upesi. Hivyo ilionekana kwamba si hewa yenyewe inayoozesha. Vinavyoozesha ni viumbe hai vidogo sana vinavyochukuliwa na vumbi. Viumbe hivyo ndivyo tunavyoviita vijidudu.

Lister alirudia majaribio hayo mwenyewe, akayaona kuwa ni kweli. Ndipo akafikiri hivi: kama vijidudu huozesha mchuzi, huenda ndivyo vinavyoozesha na kidonda. Mchuzi unaweza kuchemshwa, lakini mtu hawezi kuchemshwa. Kwa hiyo lazima ipatikane dawa ya kuviua vijidudu bila moto.

Alikuwa amesikia kwamba katika mji wa Carlisle maji machafu ya mji yalitiwa asidi ya kaboliki, nayo harufu ya kuoza ikatoweka. Asidi hiyo hupatikana katika lami ya makaa ya mawe. Lister aliamua kuijaribu.

MVULANA WA MIAKA 11

Jaribio la kwanza, mapema mwaka 1865, halikufaulu. Kisha tarehe 12 Agosti, 1865, aliletwa hospitalini mvulana aliyeitwa James Greenlees. Alikuwa na miaka 11 tu, kama baadhi yenu. Gurudumu la gari lilikuwa limepita juu ya mguu wake wa kushoto. Mfupa ulivunjika na ngozi ikapasuka. Kwa desturi ya wakati ule, mvulana huyo alikuwa katika hatari ya kukatwa mguu, au hata kufa.

Lister aliagiza kidonda kisafishwe na kufunikwa kwa kitambaa kilichochovywa katika asidi ya kaboliki. Mguu ulifungwa kwa vipande vya mbao ili usitikisike. Halafu wote walisubiri. Siku ya kwanza ilipita, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne Lister alifungua kidonda. Alitazamia kunusa ile harufu aliyoizoea, lakini hakukuwa na harufu ya kuoza. Hakukuwa na usaha wowote.

Hata hivyo mtoto alilalamika kwamba panamuuma. Lister alitazama kwa makini, akaona ngozi iliyozunguka kidonda imekuwa nyekundu na kuchubuka. Vijidudu havikufanya hivyo. Ilikuwa dawa yenyewe! Asidi iliyoua vijidudu ilikuwa imeanza kuiunguza ngozi ya mtoto.

Daktari mwingine angeweza kukata tamaa na kuiacha dawa hiyo. Mwingine, kwa furaha ya kuona kidonda hakikuoza, angeweza kuongeza dawa zaidi. Lister hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliizimua dawa kwa mafuta ya zeituni, yaani aliipunguza ukali, akaendelea kukilinda kidonda. Baada ya wiki sita hivi mifupa ilikuwa imeungana. James Greenlees alitoka hospitalini akiwa na miguu yake yote miwili.

Mwaka 1867 Lister alitangaza habari za wagonjwa 11 waliovunjika mifupa na kupasuka ngozi, aliowatibu kwa njia hiyo. Tisa kati yao walipona, mmoja alikatwa mguu, na mmoja alikufa. Kisha alianza kutumia njia hiyo kwa watu waliokatwa viungo. Tangu 1867 hadi 1869 aliwakata viungo wagonjwa 40, na waliokufa walikuwa 6. Linganisha hesabu hii na ile ya kwanza. Zamani alikufa karibu mmoja katika kila wawili. Sasa alikufa karibu mmoja katika kila saba.

DAWA HAIPONYESHI KIDONDA

Kadiri alivyoendelea na kazi, Lister alitambua jambo la maana sana. Dawa ya kuua vijidudu haiponyeshi kidonda. Kinachoponyesha kidonda ni mwili wenyewe. Mwili huleta damu, hujenga nyama mpya, na kuifunika kwa ngozi mpya. Kazi ya dawa ni kuwazuia maadui wasiuharibu ujenzi huo. Lakini dawa ikiwa kali mno, huwaua maadui na kuwaumiza wajenzi pia.

Kwa sababu hiyo Lister alitafuta namna ya kutenganisha kidonda na dawa. Alitumia kipande cha hariri kilichopakwa mafuta na vanishi, akakiweka juu ya kidonda, na juu yake ndipo akaweka vitambaa vyenye dawa. Vijidudu vya nje vilikutana na dawa vikafa, na nyama changa iliyo chini ilikua bila kuunguzwa.

Tangu mwaka 1871 Lister alitumia pia mashine iliyorushia hewani marasharasha ya asidi ya kaboliki wakati wa upasuaji. Alidhani vijidudu vya hewani ndivyo vyenye hatari zaidi. Marasharasha hayo yaliwasha macho na kuchubua mikono ya madaktari. Miaka ilipopita, uchunguzi ulionyesha kwamba hatari kubwa hutoka katika mikono, visu na vitambaa, wala si hewani. Mwaka 1890, katika mkutano mkubwa wa madaktari mjini Berlin, Lister alikiri mbele ya wote kwamba alikosea, na kwamba aliona aibu kwa kuipendekeza mashine hiyo. Wakati huo alikuwa daktari mwenye sifa duniani kote. Lakini mwanasayansi wa kweli huifuata kweli, hata inapompinga yeye mwenyewe.

Leo hospitali hutumia zaidi njia ya kuzuia vijidudu visifike kabisa. Vyombo hutiwa katika mvuke wa moto mkali, na madaktari hunawa mikono na kuvaa glavu safi. Njia hiyo ilikua kutokana na fikra ya Lister.

KUTOKA KIDONDA CHA MGUU HADI KIDONDA CHA UFIZI

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa Berega. Kinywa si kama mguu. Mguu unaweza kufungwa bendeji, lakini kinywa hakifungwi. Tunakula, tunakunywa na kusema. Tena kinywa huwa na bakteria siku zote, hata kwa mtu mwenye afya. Mwaka 1683, katika mji wa Delft, Uholanzi, mtu aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek alikwangua ukoga wa meno yake na kuutazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Aliona viumbe vidogo vingi vikienda huku na huku. Baadaye alijaribu kusukutua kwa siki. Aliona kwamba siki iliweza kuviua viumbe vile ikichanganywa na ukoga nje ya kinywa, lakini katika kinywa haikuweza kupenya ndani ya ukoga mnene. Kutokana na hayo tunajifunza kwamba kusukutua peke yake hakutoshi kuondoa ukoga. Lazima tupige mswaki.

Baada ya kazi ya Lister kujulikana, watu wengi walitengeneza dawa za kuua vijidudu. Mwaka 1879 daktari wa Marekani aliyeitwa Joseph Lawrence alitengeneza dawa ya maji akaiita Listerine, kwa heshima ya Lister. Kwanza ilikuwa ya kusafishia vidonda na vyumba vya upasuaji. Baadaye iliuzwa kuwa dawa ya kusukutulia. Wengi hudhani Lister ndiye aliyeitengeneza, lakini sivyo.

Dawa nyingine ambayo madaktari wa meno huitumia sana ni klorheksidini. Mwaka 1970 wataalamu wa Denmark walionyesha kwamba mtu akisukutua kwa dawa hiyo mara mbili kwa siku, ukoga haujijengi juu ya meno yake. Dawa hiyo husaidia pia baada ya upasuaji wa kinywa, wakati ufizi una kidonda na mtu hawezi kupiga mswaki mahali pale. Lakini ina madhara yake. Ikitumiwa kwa muda mrefu huyatia meno rangi ya kahawia na kubadili ladha ya chakula. Tena wataalamu wameona katika maabara kwamba ikigusana na chembe hai zinazojenga ufizi, chembe hizo hukua pole pole zaidi, au hufa kama dawa ni kali. Unaona? Ni jambo lilelile aliloliona Lister katika mguu wa James Greenlees.

JINSI UFIZI UNAVYOPONA

Jino linapong'olewa, shimo hujaa damu. Damu hiyo huganda ikawa bonge. Bonge hilo ni kama bendeji ya asili. Hufunika mfupa na mishipa ya fahamu iliyo ndani ya shimo, tena ndilo msingi ambao juu yake nyama mpya hujengwa. Katika siku chache mishipa midogo ya damu na nyama changa huanza kuingia ndani ya bonge. Baada ya wiki mbili au tatu ufizi mpya huwa umefunika shimo. Mfupa ulio chini huendelea kujijenga kwa miezi kadhaa.

Sasa fikiri mtoto akisukutua kwa nguvu siku ileile ya kwanza. Bonge la damu, ambalo bado ni laini, hung'oka na kutemwa. Mfupa hubaki wazi. Baada ya siku mbili au tatu maumivu makali huanza, hata kupanda hadi sikioni, na kinywa hutoa harufu mbaya. Ndiyo sababu daktari alikataza kusukutua siku ya kwanza, hata kwa dawa nzuri.

Kuanzia siku ya pili bonge limeshika vizuri. Hapo maji ya chumvi husaidia. Nusu kijiko cha chai cha chumvi hutiwa katika kikombe cha maji safi yaliyochemshwa na kuachwa mpaka yawe uvuguvugu. Maji hayo huondoa mabaki ya chakula bila kuunguza nyama changa. Mtoto huyashika kinywani, huinamisha kichwa upande huu na upande ule, kisha huyaachia yatoke bila kutema kwa nguvu. Daktari akiona kuna haja ya dawa ya kuua vijidudu, yeye ndiye atakayeichagua, kuipima, na kueleza itumiwe kwa siku ngapi. Dawa ya kusukutulia haimezwi.

Ni hatari kubwa kujitibu kwa vitu vikali kama petroli, mafuta ya taa, au dawa za kusafishia choo. Vitu hivyo huunguza ufizi na huweza kuua mtu akivimeza. Kama baada ya siku kadhaa maumivu yanazidi, au uvimbe unaongezeka, au usaha unatoka, au kuna homa, mtoto arudi hospitali mara moja. Damu nayo ikiendelea kutoka bila kukoma, asisubiri.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Lister alipata heshima nyingi. Mwaka 1871 alimpasua jipu Malkia Victoria wa Uingereza. Mwaka 1877 alihamia London, ambako madaktari wengi walikuwa bado wanambishia. Hakugombana nao. Aliwaonyesha wagonjwa wake waliopona. Aliendelea pia na hadubini yake, akachunguza maziwa na kuonyesha kwamba hugandishwa na aina maalumu ya bakteria. Mwaka 1892 alikwenda Paris kuadhimisha miaka 70 ya Louis Pasteur. Wazee hao wawili walikumbatiana mbele ya watu. Lister hakusahau kamwe kwamba fikra yake ilianzia katika chupa ya Mfaransa huyo.

Mwaka 1893 Agnes alifariki ghafla walipokuwa safarini Italia. Lister alihuzunika sana, na baada ya hapo hakufanya tena utafiti mwingi. Alifariki tarehe 10 Februari, 1912, akiwa na miaka 84. Taifa lilitaka azikwe katika kanisa la Westminster, ambamo alizikwa David Livingstone. Lakini yeye alikuwa ameagiza azikwe kando ya mkewe katika makaburi ya kawaida mjini London, na ndivyo ilivyofanyika.

Mtoto wetu wa Berega amelala usiku wa kwanza bila kusukutua. Asubuhi mama yake amechemsha maji, ameyapoza, na kutia chumvi. Wiki tatu baadaye mtoto anapitisha ulimi mahali palipokuwa na shimo, naye anakuta ufizi laini. Dawa haikuujenga ufizi huo. Mwili wake umeujenga, kwa sababu ulilindwa na kupewa nafasi.

JARIBIO

Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu wenu.

1. Chemsheni chupa mbili ndogo na vifuniko vyake katika maji kwa dakika 10.
2. Chemsheni maziwa, kisha yatieni katika chupa zote mbili yakiwa bado ya moto. Zifunikeni mara moja.
3. Maziwa yakipoa, fungueni chupa moja tu, tieni kijiko kimoja cha maziwa ya mgando, na kuifunika tena.
4. Ziacheni chupa hizo mahali pamoja kwa siku moja. Tazameni na kuandika mlichokiona. Msiyanywe maziwa hayo.

MASWALI

1. Kwa nini Lister alishangazwa na tofauti kati ya mfupa uliovunjika bila ngozi kupasuka na ule uliotoboa ngozi?
2. Chupa ya Pasteur yenye shingo iliyopindwa ilionyesha jambo gani?
3. Lister alifanya nini alipoona ngozi ya James Greenlees imechubuka? Kwa nini hakuongeza dawa?
4. Bonge la damu katika shimo la jino lina kazi gani?
5. Rafiki yako ameng'olewa jino leo asubuhi, naye anataka kusukutua kwa dawa kali jioni hii. Mweleze kwa maneno yako mwenyewe kwa nini asubiri.
6. Kabla ya njia mpya, wagonjwa 16 kati ya 35 walikufa. Baada yake, 6 kati ya 40 walikufa. Andika kila hesabu kwa asilimia, kisha eleza maana yake.